Chombo cha Kukagua Mitambo ya Sauti na Picha katika Kompyuta

Kila mtambo unaotumiwa na watu huhitaji vyombo vya namna mbili: vile vinavyofanya kazi yenyewe, na vile vinavyoonyesha hali ya mtambo. Kijiti cha kupimia oili ya injini hakisukumi gari hata hatua moja. Hata hivyo, dereva wa lori atokaye Mpanda kwenda Sumbawanga hukitazama kijiti hicho kabla ya kuondoka, maana njia yake hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kijiti kikimdanganya huenda akalala porini. Chombo cha kuonyesha hali ya mtambo kina wajibu mmoja mkubwa, nao ni kusema kweli.

Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Katika makala haya tutaeleza habari za chombo kidogo cha ukaguzi kiitwacho gst-inspect-1.0. Chombo hiki hakina picha wala vitufe vya kubofya; mtumiaji huandika amri kwa herufi, nacho humjibu kwa maandishi. Tutaeleza kwanza mtambo unaokaguliwa, kisha jinsi ukaguzi unavyofanyika, na mwisho jinsi chombo chenyewe kinavyotunzwa. Mifano yetu tutaichukua katika Mkoa wa Katavi, ambako redio ya jamii kama Mpanda Redio FM huwahudumia wasikilizaji walioenea katika eneo kubwa.

MTAMBO UNAOKAGULIWA

GStreamer ni mkusanyo wa programu za kushughulikia sauti na picha zinazotembea. Kazi ya kuutengeneza ilianzishwa mwaka 1999 na Erik Walthinsen, na baada ya muda mfupi akajiunga naye Wim Taymans. Toleo kubwa la kwanza lilitolewa mwezi Januari 2001. Toleo liitwalo 1.0 lilitolewa Septemba 2012. Programu hizi ni huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuzigawa kwa wengine kwa kufuata masharti ya leseni yake.

GStreamer haikujengwa kama mashine moja kubwa. Imegawanywa katika vipengele vingi vidogo, na kila kipengele kina kazi yake. Kimoja husoma faili, cha pili hufumbua sauti iliyobanwa, cha tatu hubadili kasi ya sampuli, cha nne hupeleka sauti kwenye spika. Vipengele hivi hukaa ndani ya mafaili yaitwayo programu-jalizi, yaani programu zinazochomekwa kwenye mtambo mkuu. Mtumiaji huviunganisha vipengele kimoja baada ya kingine mpaka vifanye mfereji, na sauti hupita humo kutoka mwanzo hadi mwisho kama maji.

Kila kipengele kina milango. Mlango wa kuingilia hupokea data, na mlango wa kutokea huitoa. Kila mlango una masharti yake: aina ya data, idadi ya sampuli kwa sekunde, idadi ya njia za sauti, na mengineyo. Milango miwili huungana ikiwa tu masharti yake yanapatana.

Jambo hili laweza kueleweka vizuri kwa mfano wa reli. Tawi la reli la kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi. Upana wa njia hiyo ni milimita 1,000, sawa na Reli ya Kati ya zamani. Upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa lililotengenezwa kwa njia moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Kwa hiyo shehena inayotoka upande mmoja kwenda wa pili hupakuliwa na kupakiwa upya. Kazi hiyo iliwekewa kituo huko Kidatu mwaka 1998. Katika mfereji wa GStreamer, vipengele vya kugeuza sauti hufanya kazi ya kituo cha Kidatu: huipokea shehena katika sura moja na kuitoa katika sura nyingine.

Mkuu wa stesheni asiyejua upana wa njia zake hataweza kupanga safari. Vivyo hivyo, fundi asiyejua milango ya vipengele vyake hataweza kujenga mfereji. Kumjulisha mambo hayo ndiyo kazi ya chombo cha ukaguzi.

CHOMBO HUONYESHA NINI?

Fundi akiandika gst-inspect-1.0 peke yake, hupata orodha ya programu-jalizi zote zilizomo katika kompyuta yake pamoja na vipengele vyake, na mwishoni jumla yake. Akiongeza jina la kipengele kimoja, hupata maelezo yake kamili. Maelezo hayo huja kwa mafungu:

(a) Utambulisho: jina la kipengele, kazi yake, mtunzi wake na cheo chake. Cheo ni namba inayousaidia mtambo kuchagua kipengele chenyewe pale ambapo vingi vinaweza kufanya kazi ile ile. Vyeo vya kawaida ni 0, 64, 128 na 256.

(b) Programu-jalizi ambamo kipengele kimo, mahali faili lake lilipo, toleo lake na leseni yake.

(c) Milango yake na masharti ya kila mlango. Pia kama mlango upo daima, au hutokea wakati fulani tu, au hufunguliwa kwa kuombwa.

(d) Vidhibiti vyake, yaani mambo ambayo mtumiaji anaweza kuyarekebisha, pamoja na kiwango cha chini, kiwango cha juu na thamani ya kawaida. Kwa mfano, kipengele cha audioresample, ambacho hubadili kasi ya sampuli, kina kidhibiti cha ubora kinachoanzia 0 hadi 10, na kisipoguswa hukaa kwenye 4.

Ni muhimu kutambua kwamba majibu haya hayatoki katika kitabu kilichoandikwa na mtu ofisini. Chombo hukiunda kipengele chenyewe ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na kukiuliza: una milango gani, una vidhibiti gani? Kwa sababu hiyo, majibu yanaweza kutofautiana kati ya kompyuta mbili zilizowekwa juu ya meza moja. Baadhi ya vipengele hutegemea kifaa halisi, na kifaa kisipokuwapo, vipengele hivyo havijitokezi kabisa. Kitabu hueleza mtambo unavyopaswa kuwa. Ukaguzi hueleza ulivyo.

MFANO WA KAZI: SAUTI ILIYOREKODIWA KWA SIMU

Tuchukue mfano wa mwandishi wa habari wa redio aliyesafiri hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akamrekodi mzee anayesimulia habari za uvuvi wa zamani. Hana kinasa sauti. Anayo simu ya kawaida. Simu nyingi za namna hiyo huhifadhi sauti katika muundo uitwao AMR, ambao ulikubaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu za mkononi.

Muundo huu huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde na kuzikata katika vipande vya milisekunde 20, kila kipande sampuli 160. Katika daraja lake la juu kabisa, kila kipande huhifadhiwa kwa baiti 32. Kwa hiyo mazungumzo ya dakika tano hayazidi baiti 480,000 hivi. Sauti ile ile ikihifadhiwa bila kubanwa, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na baiti mbili kwa kila sampuli, ingechukua baiti 26,460,000, yaani zaidi ya mara 55. Ndiyo maana muundo wa AMR unafaa pale ambapo nafasi ya simu ni ndogo na kutuma faili ni ghali.

Faili hilo likifika kituoni, fundi huuliza kompyuta:

gst-inspect-1.0 amrnbdec

Jibu humwambia kwamba kipengele hiki hupokea sauti ya AMR yenye sampuli 8,000 na njia moja, na hutoa sauti isiyobanwa yenye sampuli 8,000 vilevile. Lakini tuseme studio yake hutumia sampuli 44,100. Milango haipatani, kwa hiyo anahitaji kituo cha kubadilishia shehena. Mfereji wake kamili, unaoendeshwa na amri ndugu iitwayo gst-launch-1.0, utakuwa hivi:

gst-launch-1.0 filesrc location=karema.amr ! amrparse ! amrnbdec ! audioconvert ! audioresample ! audio/x-raw,rate=44100 ! wavenc ! filesink location=karema.wav

Alama ya mshangao huunganisha kipengele kimoja na kinachofuata. Msomaji asidhani kwamba kubadili kasi ya sampuli huongeza uzuri wa sauti. Sampuli 8,000 kwa sekunde haziwezi kuhifadhi mtetemo unaozidi mara 4,000 kwa sekunde, na kile ambacho simu haikukinasa hakirudi tena. Kinachopatikana ni sauti ile ile ya mzee, katika sura inayokubalika na mitambo ya studio.

"HAPANA" ZA NAMNA TATU

Sasa tuseme fundi ameuliza, na chombo kimejibu kwamba hakuna kipengele wala programu-jalizi yenye jina hilo. Hapa ndipo penye hatari. Fundi mwenye haraka anaweza kudhani kwamba faili la mwandishi limeharibika, akalifuta. Pengine mzee aliyesimulia hatarekodiwa tena. Lakini chombo hakikusema neno lolote kuhusu faili. Kimesema tu kwamba kompyuta hii haina mfumbuzi. Kwa hiyo yafaa kutofautisha hali tatu.

Hali ya kwanza ni kipengele kukosekana. Programu-jalizi yake haijawekwa kabisa, na dawa ni kuiweka.

Hali ya pili ni kipengele kuwapo lakini milango yake isipatane na jirani yake. Dawa yake ni kutazama masharti ya milango na kuongeza kigeuzi katikati, kama tulivyoona.

Hali ya tatu ni ya siri zaidi: programu-jalizi ipo, lakini imefungiwa. Ili kueleza jambo hili, hatuna budi kwanza kulitazama daftari la mtambo.

DAFTARI LA MTAMBO

Kama mtambo ungefungua mafaili yote ya programu-jalizi kila unapowashwa, ungechelewa mno. Kwa hiyo GStreamer huyafungua mara moja, huandika habari zake katika daftari, na baadaye husoma daftari hilo. Katika kompyuta za Linux, daftari hukaa katika saraka ya mtumiaji, ndani ya .cache/gstreamer-1.0.

Zamani, kabla ya toleo la 0.10 lililotoka mwaka 2005, ilimpasa mtumiaji kutoa amri nyingine, gst-register, ili daftari liandikwe upya. Aliyesahau alipata majibu ya jana kwa maswali ya leo. Tangu wakati huo mtambo wenyewe hutazama tarehe na ukubwa wa kila faili, na kama vimebadilika, hulifungua faili hilo upya.

Kazi ya kufungua mafaili hufanywa na programu ndogo ya pembeni. Sababu yake ni usalama: programu-jalizi mbovu ikianguka, huanguka pamoja na mkaguzi huyo mdogo, na mtambo mkuu hubaki salama. Jina la faili bovu huandikwa katika orodha ya yaliyofungiwa, ili lisijaribiwe tena. Orodha hiyo huonekana kwa amri gst-inspect-1.0 -b.

Tatizo hutokea hivi. Mahali ambapo mtandao ni ghali au hukatika, mafundi huletewa programu kwa flashi, na mara nyingine maktaba fulani ya programu husahauliwa. Programu-jalizi ya AMR huwekwa bila maktaba inayoitegemea. Mtambo hujaribu kuifungua, hushindwa, na kuifungia. Kesho fundi huleta maktaba iliyosahauliwa. Lakini faili la programu-jalizi halikubadilika tarehe wala ukubwa. Kwa hiyo mtambo hauoni sababu ya kulijaribu tena, na kipengele huendelea kutoonekana. Dawa ni kulifuta faili la daftari. Hakuna kinachopotea, kwa sababu mtambo utaliandika jipya mara utakapoulizwa tena.

JINSI CHOMBO KINAVYOTUNZWA

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kila kipengele hujieleza chenyewe, chombo cha ukaguzi kina kazi gani ya kutunzwa? Programu haichakai kama spana, lakini mtambo inaoukagua hubadilika kila mwaka, na kila badiliko hudai jambo fulani kwa mkaguzi.

Kwanza, huja vidhibiti vya aina mpya. Hapo mwanzo kidhibiti kilikuwa namba, neno, au ndiyo na siyo. Baadaye zikaja sehemu za hesabu, orodha, safu za thamani na miundo mingine. Chombo hakina budi kufundishwa kuandika kila aina kwa namna ambayo mtu ataielewa. Kisipofundishwa hukiri kwamba aina hiyo hakiijui. Kukiri huko si aibu. Ni bora kuliko kubuni jibu. Lakini ni dalili kwamba mtunzaji ana deni la kulipa.

Pili, chombo kina wasomaji wa namna mbili. Kuna binadamu, ambaye hupendelea maandishi yenye rangi na nafasi za kutosha. Kuna pia programu nyingine, ambazo husoma majibu hayo na kuyatafuta maneno fulani, kwa mfano katika amri hii:

gst-inspect-1.0 | grep -i amr

Rangi zilipoongezwa katika toleo la 1.16 la mwaka 2019, ilibidi zitumike pale tu majibu yanapokwenda kwenye skrini. Yakielekezwa kwa programu nyingine, huenda bila rangi, kwa kuwa alama za rangi zingemchanganya msomaji asiye na macho. Vilevile kuna amri maalumu kwa ajili ya programu. Neno --exists huuliza kama kipengele kipo, na jibu hurudishwa kwa namba tu: 0 kikiwapo, 1 kisipokuwapo. Mtunzaji anayebadili hata jibu dogo la namna hii anaweza kuharibu kazi za watu ambao hatawaona maishani mwake.

Tatu, matoleo hubadilika. Ndiyo sababu jina la chombo hubeba namba. gst-inspect-0.10 na gst-inspect-1.0 ziliweza kukaa pamoja katika kompyuta moja, kila moja ikikagua mtambo wake, na watumiaji wakapata muda wa kuhama polepole. Si vyombo vyote vilivyovuka mto huo. Ndugu yake aitwaye gst-xmlinspect, aliyetoa habari kama hizo kwa muundo wa XML, hakuendelezwa katika toleo la 1.0.

Nne, chombo ni mjumbe. Mtunzi wa kipengele akiandika maelezo mabaya, mjumbe atayapeleka jinsi yalivyo. Hivyo kuna makosa ambayo hayasahihishwi katika chombo, bali katika kipengele chenyewe. Mtunzaji hodari hujifunza kutambua kosa ni la mjumbe au la aliyemtuma.

SUALA LA LUGHA

Sehemu kubwa ya majibu ya chombo hiki huandikwa kwa Kiingereza. Kwa fundi aliyesoma kwa Kiswahili, hicho ni kizuizi cha kweli. Tafsiri ya programu huria kwa Kiswahili si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi ziitwazo Jambo OpenOffice.

Hata hivyo, tafsiri ya chombo cha ukaguzi inahitaji uangalifu wa pekee. Majina ya vipengele na vidhibiti hayafasiriwi, kwa sababu ndiyo maneno yanayoandikwa katika amri. Anayefasiri audioresample amelibomoa daraja. Linaloweza kufasiriwa ni maelezo yanayomsaidia binadamu kuelewa. Mpaka kazi hiyo itakapofanyika, redio zetu zinaweza kuandaa karatasi moja ya kubandika ukutani, yenye mafungu manne tuliyoyataja na maana zake kwa Kiswahili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Uliza kompyuta iliyo mbele yako, si kitabu peke yake. Ukaguzi hauhitaji mtandao.

2. Jibu la "hakuna" halihukumu faili. Usifute sauti kabla ya kujua ni "hapana" ya namna gani.

3. Ukikosa kipengele ulichokwisha kukiweka, tazama orodha ya yaliyofungiwa, kisha futa daftari ili liandikwe upya.

4. Milango isipopatana, soma masharti ya pande zote mbili kabla ya kuongeza kigeuzi.

5. Hifadhi faili la asili. Sauti iliyogeuzwa ni nakala, na kila kugeuza kwaweza kupunguza kitu.

6. Ukiona jibu la chombo lina kosa, liandike pamoja na namba ya toleo na amri uliyotumia, ulipeleke kwa watunzaji. Wao hawawezi kuiona kompyuta iliyoko Mpanda. Wanategemea ushahidi wa aliye mbele yake.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika programu huria hakuna ukuta kati ya mtumiaji na mtunzaji. Faili la gst-inspect.c, ambamo chombo hiki kimeandikwa kwa lugha ya C, lipo wazi kwa yeyote atakaye kulisoma, na kijana wa Katavi aliyejifunza lugha hiyo anaweza kulifungua na kufuata jinsi swali linavyoulizwa na jibu linavyoandikwa. Akifanya hivyo atakuwa amejua zaidi ya kutumia chombo. Atakuwa tayari kukirekebisha kitakapopungukiwa.